Kabla ya kuchangisha fedha za roboti ya kumtembeza mtoto

Siku hizi wazazi wengi wanaingia kliniki yetu ya viungo hapa Nairobi wakiwa na video kwenye simu: mtoto mwenye mtindio wa ubongo kafungwa kwenye mashine, anapiga hatua. Kikundi cha michango cha WhatsApp kimeshafunguliwa. Wanachouliza ni namna ya kuagiza, na sisi tungependa kwanza wamlete mtoto apimwe.

Mashine hizi ni za aina mbili. Lokomat ya Uswisi hukaa hospitalini. Mtoto huning'inizwa kwa mikanda juu ya mashine ya kukimbilia, mota zikikunja na kukunjua nyonga na magoti. Trexo ya Kanada hufungwa kwenye woka (fremu ya kutembelea), na mtoto aweza kuitumia nyumbani au shuleni. Zote humpa mtoto hatua nyingi zinazofanana, kuliko mikono ya mtaalamu inavyoweza kustahimili. Hazitibu ubongo. Tumelisema hili mara nyingi na bado tunaulizwa mtoto atapona baada ya miezi mingapi. Ubongo ulioumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa manjano kali, haurudishwi na mota. Wala tafiti hazijathibitisha kwamba roboti inashinda mazoezi ya kawaida yaliyofanywa kwa muda uleule.

Mtoto akiletwa, tunaanza na utepe wa kupimia: fupa la paja kwa Lokomat ya watoto liwe takriban sentimita 21 hadi 35. Kisha eksrei ya nyonga, na hapa hatuna mzaha. Karibu mtoto 1 kati ya 3 wenye mtindio wa ubongo, nyonga huanza kuhama mahali pake, mara nyingi bila maumivu mwanzoni. Walio hatarini zaidi ni wale wasiotembea, ndio hao hao wanaochangishiwa. Nyonga iliyotoka, goti lililokakamaa, mfupa dhaifu, kidonda chini ya mkanda au kifafa kisichodhibitiwa: lolote kati ya haya linatosha kuzuia mashine.

Akionekana anafaa, fuateni utaratibu. Mtoto apimwe ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, apate kadi ya ulemavu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, lakini msamaha huombwa kwa stakabadhi. Vifaa vya tiba husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu, hivyo ulizieni kibali kabla mzigo haujasafirishwa. Ukishafika forodha Embakasi bila karatasi, gharama za ghala zinakula michango. Kifaa kilichosamehewa ushuru kikiuzwa kwa asiye na haki hiyo, ushuru hudaiwa. Kutoa taarifa za uongo ili kupata kadi ni kosa la jinai, hata anayezitoa akiwa mzazi.

Wakati mnasubiri, mazoezi yasikatizwe. Karakana ya APDK (chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya) kwenye Waiyaki Way hutengeneza vifaa vya kutembelea na viti maalumu, na fundi anaweza kukirekebisha kifaa mtoto anapokua. Roboti ikiharibika mota, swali la kwanza ni nani hapa Nairobi ataitengeneza, na muuzaji atoe jibu kwa maandishi kabla hamjatuma pesa.