Kutoa Mercedes kuukuu kwa hisani: bei ya kitabuni haihesabiki

Wengi Marekani huamini ukitoa Mercedes S-Class yako ya zamani kwa shirika la hisani, unadai nafuu ya kodi kwa bei ya kwenye vitabu vya bei za magari. Sivyo, tangu 2005. Shirika likiipiga mnada, na nyingi huishia huko, kwa kawaida unadai kile ilichouzwa tu. Tuseme springi za upepo zimevuja, gari limelala upande mmoja, taa ya injini inawaka: mnunuzi akitoa dola 900, fomu ya kodi 1098-C unayopewa na shirika itasema 900, hata kitabu kikisema 6,000. Shirika likilitumia lenyewe kwa kazi zake, hapo thamani ya soko hukubalika. Na hizo 900 hupunguza kipato kinachotozwa kodi, si kodi yenyewe.