Sindano ya saa mbili: kwa nini tunakabidhiana zamu kitandani

Katika wodi ya wazazi ninayofanyia kazi, zamu ya usiku huikabidhi zamu ya asubuhi saa moja na nusu. Kwa miaka mingi tulikabidhiana mezani: anayetoka alifungua kitabu cha ripoti na kusoma kitanda kwa kitanda, nasi tunaoingia tukiandika harakaharaka huku tumesimama. Ripoti ya namna hiyo si ya uongo, lakini humweleza mgonjwa kama alivyokuwa wakati ilipoandikwa, na mama aliyejifungua usiku anaweza kubadilika ndani ya robo saa.

Wauguzi wapya huwa nawaeleza habari ya mama mwenye kifafa cha mimba. Mama huyu hupewa magnesiamu salfeti ili degedege lisirudi. Kwa utaratibu wa sindano za msuli, baada ya dozi ya kuanzia huchomwa gramu 5 kila baada ya saa 4, tako la kushoto na la kulia kwa kupokezana, mpaka zitimie saa 24 tangu alipojifungua au tangu degedege la mwisho, kwa kuhesabu kuanzia lile lililotokea baadaye. Dawa hiyohiyo ikizidi mwilini humfanya ashindwe kupumua. Ndiyo maana kabla ya kila dozi tunahakikisha kwamba anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kwamba mguu unaruka akigongwa chini ya goti, na kwamba mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, kwa kuwa dawa hii hutolewa mwilini na figo.

Mama aliyechomwa saa sita usiku atachomwa tena saa kumi alfajiri, kisha saa mbili asubuhi, yaani nusu saa tu baada ya zamu kubadilika. Asubuhi moja muuguzi aliyekuwa akinikabidhi alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba sindano ya saa mbili bado. Tulipofika kitandani na kumjulia hali mama, yeye mwenyewe akasema, "Sista, hiyo nimeshachomwa, huku kulia." Muuguzi mwingine wa usiku alikuwa amemchoma mapema kidogo, kisha akaitwa chumba cha kujifungulia kabla hajajaza chati. Tulihesabu pumzi, tukagonga goti, tukapima mkojo uliokuwa kwenye mfuko; alikuwa salama. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magnesiamu, ilikuwa tayari kwenye trei, na hatukuihitaji.

Huenda mtu akasema kwamba mama angenizuia hata kama ningekwenda peke yangu na sindano mkononi. Sina hakika. Wagonjwa wengi wakiona sindano hunyamaza, wakidhani daktari ameongeza dawa. Akisikia wauguzi wawili wakizungumza habari zake mbele yake, bila sindano, hupata nafasi ya kusahihisha.

Jambo linalonipa shida zaidi ni siri. Vitanda vyetu vimekaribiana, na saa hiyo huenda ndugu walioleta uji bado hawajatoka. Majibu ya kipimo cha VVU hatuyatamki kitandani hata kwa kunong'ona. Anayekabidhi huweka kidole kwenye mstari wa faili, mwenzake akasoma na kuitikia kwa kichwa. Habari za mtoto aliyefariki pia tunazimalizia mezani, kwa sababu mama hapaswi kuzisikia upya kila zamu inapobadilika.

Tangu asubuhi ile, dozi yoyote ya magnesiamu inayoangukia ndani ya nusu saa ya kabla au baada ya makabidhiano hutolewa tukiwa wawili, anayetoka na anayeingia, palepale kitandani. Tunaandika saa na upande aliochomwa, na wote wawili tunatia sahihi kwenye chati kabla ya kwenda kitanda kinachofuata.