Kibanda cha darubini bustanini: anza na kiti, kisha nguzo

Anayenijia akitaka ushauri wa kujenga kibanda cha darubini bustanini kwake mara nyingi huwa ameshachora paa. Wengine wameshanunua mbao. Mimi huwaambia waweke mbao pembeni, wachukue kiti, daftari na taa ndogo nyekundu, wakakae nje usiku kwa siku nne au tano zisizofuatana. Hakuna mchoro utakaokwambia yale utakayoambiwa na kiti hicho.

Ukikaa utaona mambo ambayo mchana hayaonekani. Taa ya uani kwa jirani. Tawi lililokuwa halikusumbui. Na zaidi ya yote, utaona nyota zikichezacheza kila zinapopita juu ya paa la nyumba yako. Paa, kuta na sakafu za zege hunywa joto la jua mchana kutwa na kulitema usiku, na hewa ya moto inapopanda huyumbisha mwanga wa nyota kama inavyoyumba sura ya kitu ukikitazama juu ya jiko. Darubini yenye kioo cha milimita 200 ina uwezo wa kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya takriban sekunde 0.6 (nyuzi moja ina sekunde 3,600), lakini hewa ya usiku wa kawaida huitawanya nyota hadi sekunde mbili au tatu. Hewa imeshakupokonya mengi kabla hujafungua mlango, kwa hiyo usiiongezee joto la nyumbani kwako. Kibanda kikae juu ya nyasi, mbali na ukuta, na njia ya kukifikia isiwe ya zege.

Miti na nyumba zinazoziba upeo wa macho huwasumbua watu kuliko zinavyostahili. Nyota iliyo nyuzi 30 juu ya upeo unaitazama kupitia hewa nene maradufu ya ile iliyo utosini. Ikishuka hadi nyuzi 20, hewa ni karibu mara tatu. Kilichozibwa chini ya hapo hakikuwa na thamani kubwa, labda kama una mapenzi na Utaridi au kometi za alfajiri. William Herschel aliiona Uranus tarehe 13 Machi 1781 akiwa nyuma ya nyumba yake mjini Bath, Uingereza, na nyumba yenyewe imebanwa na nyingine kushoto na kulia.

Sasa nguzo, yaani ile inayosimama katikati ya kibanda na kuibeba darubini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vibanda vingi nilivyoitwa kuvitazama vina paa zuri na nguzo mbovu.

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Maana yake anga huteleza kwa pembe ya sekunde 15 kila sekunde ya saa yako ya mkononi. Ukikuza mara 200, kipande cha anga unachokiona ni kama robo ya nyuzi, na nyota huweza kukivuka kwa dakika moja tu. Kazi ya kufidia mwendo huo ni ya maunti, yaani kile kichwa cha mashine kinachobeba darubini na kuizungusha. Lakini ukikuza sayari mara 200, umekuza na mtikisiko mara 200. Mtu akihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine juu ya sakafu inayogusa nguzo, Zohali itaruka kama panzi.

Ndiyo maana nguzo haitakiwi kugusa kitu chochote isipokuwa udongo ulio chini yake. Haiguswi na sakafu wala na ukuta, na hata bomba la kupitishia nyaya halikazwi kwake. Sakafu ikatwe tundu kubwa kuliko nguzo, ibaki nafasi ya sentimita tatu hadi tano kuizunguka, na nafasi hiyo izibwe kwa sponji laini ili wadudu wasiifanye mlango.

Msingi wake si wa kutisha. Shimo la sentimita 70 kila upande na kwenda chini likijazwa zege linakupa uzito wa zaidi ya kilo 800, na kwa darubini nyingi za nyumbani hiyo inatosha. La muhimu ni kufika kwenye udongo mgumu ambao haujawahi kufukuliwa, kusuka nondo kabla ya kumwaga, na kumwagilia zege lisikauke haraka. Zege huhesabiwa kuwa limefikia nguvu yake baada ya siku 28. Mimi nguzo yangu ya kwanza niliipandishia maunti siku ya tano, maana anga lilikuwa safi na mikono ilikuwa inawasha. Bolti zikalegea na zege likapasuka pembeni. Nililivunja mwenyewe kwa nyundo.

Juu ya msingi wengi hufunga bomba la chuma, na hapo fikiria kipenyo kabla ya kufikiria urefu. Nguzo ikirefushwa maradufu, kwa nguvu ileile itapinda mara nane zaidi. Bomba likiongezwa kipenyo maradufu huku unene wa chuma ukibaki uleule, ukakamavu wake hupanda kama mara nane. Bomba nene na fupi halina mpinzani. Lijaze mchanga mkavu, kwa kuwa bomba tupu hulia kama kengele ukiligusa na mchanga huumeza mlio huo. Kisha lijaribu. Lenga nyota, ligonge kwa kiganja, na uhesabu hadi picha itulie. Ikizidi sekunde mbili kuna kasoro, na mara nyingi kasoro si ya bomba. Ni zile bolti ndefu tatu ambazo watu huziweka juu ya nguzo ili kusawazisha kibao cha maunti kwa pima maji, mpaka kibao kinakaa hewani kama meza juu ya njiti. Zifupishe. Kibao kikiwa kimeinama kidogo, maunti itafidia unapoilenga ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka.

Kuhusu mwelekeo, usiiamini dira peke yake. Inafuata ncha ya sumaku ya dunia, ambayo siyo ncha ya mhimili, na nondo ulizozika zitaipotosha zaidi. Tundika timazi mchana na uchore mstari wa kivuli cha uzi wake pale jua linapofika juu kabisa. Mstari huo ndio kaskazini na kusini halisi. Kumbuka wakati huo mara nyingi si saa sita kamili ya saa ya ukutani. (Anayeishi katika tropiki ana siku ambazo jua hupita utosini na uzi haupati kivuli. Asubiri wiki chache.) Mhimili wa maunti huinuliwa kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali, na hapa watu wa karibu na ikweta wana shughuli: ncha iko kwenye upeo wa macho, nyota ya kuilenga haionekani, na maunti nyingi hazishuki hadi nyuzi hizo bila uzito wake wa kusawazisha kugonga nguzo. Hakikisha kabla ya kununua. Kulenga kwenyewe unaweza kufanya kwa kuangalia nyota inavyopotea polepole kuelekea kaskazini au kusini na kurekebisha, au kwa kamera na programu inayotambua nyota zilizo kwenye picha.

Nguzo ikishasimama ndipo kibanda kinajengwa kuizunguka. Kuba ni zuri, linakinga upepo na taa, lakini hupoa taratibu na dirisha lake lazima lifuate darubini usiku kucha. Kwa kibanda cha kwanza mimi ni mtu wa paa la kusukuma: kuta fupi, paa la mabati lililopakwa rangi nyeupe, magurudumu yenye mfereji yakitembea juu ya chuma cha pembe kilichogeuzwa mgongo juu. Ukilifungua saa moja kabla, vyote vinapoa pamoja.

Linachodai ni nafasi. Kibanda cha mita 2.5 kinahitaji mita tano, kwa sababu paa lazima liende mahali. Na likishakwenda huko litaziba anga la chini la upande huo, kwa hiyo lisukume kuelekea upande usioupenda, na upande huo usiwe ule wanakopita sayari. Paa lifungwe pia kwa vyuma vinavyolishikilia lisinyanyuke. Upepo ukiingia chini ya mabati, uzito wa paa haumzuii mtu kuokota mabati kwa jirani.

Usiku mmoja mawingu yalikuja ghafla. Nikakimbilia paa na kulisukuma nikiwa nusu usingizini, darubini ikiwa bado imesimama wima. Boriti ya mbele iliipiga ubavuni, na kwa wiki mbili nilikuwa na darubini iliyotazama pembeni kidogo ya kila nilicholenga. Sasa kuna mnyororo unaolizuia paa, na ufunguo wake umening'inizwa mahali ambapo huufikii mpaka ulaze darubini.

Unyevu ni adui mvumilivu kuliko upepo. Kioo kinachotazama anga tupu hupoteza joto hadi kuwa baridi kuliko hewa, umande ukakishukia. Mkanda wa joto kuzunguka mdomo wa darubini hutosha kuuzuia. Ukishashuka usifute kwa kitambaa, acha ukauke ndipo ufunike, maana kufunika kioo kilicholowa ni kuotesha ukungu, na ukungu hula rangi nyembamba zilizopakwa juu ya lenzi. Tandaza nailoni nzito chini ya sakafu, acha matundu yenye wavu kwenye kuta, na weka feni ndogo isiyozimwa. Nyigu watajaribu kujenga ndani ya kila bomba lililo wazi. Ziba yote.

Umeme sitausemea sana: waya uzikwe ndani ya bomba, kuwe na kikata umeme kinachohisi umeme unaovuja, vifaa vyote viende kwa volti 12, na radi ikikaribia chomoa kila kitu kwenye plagi. Kazi ya volti za nyumba mwachie fundi.

Kuhusu taa, zima za kwako kwanza. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mmweko mmoja wa simu huanzisha hesabu upya. Taa ya jirani huzuiwa na ukuta au pazia, lakini kabla ya kumsemea chochote mkaribishe aione pete ya Zohali. Wangu alikaa kwenye lenzi kama robo saa, akaniuliza mwenyewe kama taa yake inanisumbua.

Faida kubwa ya yote haya ni muda. Kubeba darubini nje, kuiunganisha na kuilenga hunila karibu saa nzima. Kibandani, dakika tano. Kwa hiyo unatoka hata katika usiku wa mashaka, na mambo huonekana na aliyekuwa nje. Julai 19, 2009 Anthony Wesley alikuwa na darubini yake nyumbani kwake Australia alipoona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii. Kitu kilikuwa kimeigonga sayari, na wataalamu wakageuza darubini zao kubwa baada yake.

Jambo moja la asubuhi. Siku moja niliacha paa wazi ili kibanda kikauke baada ya umande. Darubini kubwa nilikuwa nimeifunika. Ile ndogo ya kulengea, iliyo ubavuni, sikuikumbuka. Jua likapanda, likapita mbele yake, na niliporudi nikakuta ule msalaba mwembamba wa kulengea ulio ndani yake umeyeyuka. Ningekuwa nimeinama hapo kuchungulia, ningekuwa nimepoteza jicho. Karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wangu sasa ina mstari wa kwanza ulioandikwa kwa kalamu nene: vifuniko viwili, halafu ndiyo uguse paa.