Mtoto wa mbwa anayeburuta miguu: maswali kabla ya kumchukua

Mama mmoja wa Nzuguni, hapa Dodoma, ameniandikia kuhusu mtoto wa mbwa aliyemwokota kwenye mtaro. Anamkadiria miezi miwili. Miguu ya nyuma anaiburuta, "nadhani aligongwa na bodaboda", ana upele na masikio yamejaa kupe. Watoto wameshampa jina. Mama na mumewe hutoka saa moja asubuhi na kurudi jioni. Anayebaki nyumbani ni dada wa kazi. Maswali yake ni haya, na moja nimeliongeza mwenyewe.

Watoto wanambeba tangu jana. Kuna hatari?

Ipo, na imejificha kwenye lile neno "nadhani". Kuna mtu aliyemwona akigongwa? Kama hayupo, kumbuka kwamba kichaa cha mbwa si lazima kije na ukali na mate mdomoni. Mbwa mwingine hulegea tu, miguu ikakosa nguvu, akawa mpole kuliko kawaida. Umri mdogo haumkingi.

Kwa hiyo leo watoto wakae mbali naye. Awekwe peke yake penye kivuli, apewe maji, na daktari wa mifugo aitwe. Kama hujui pa kumpata, anza na ofisa mifugo wa kata yako. Kama kuna mtoto aliyeng'atwa, aliyeparuzwa, au aliyelambwa kwenye kidonda au mdomoni, osha mahali hapo kwa maji yanayotiririka, na kwenye ngozi tumia sabuni, kwa dakika 15. Siku ya mgawo wa maji, mtu mmoja amimine kwa kopo, mwingine aoshe. Usipake majivu wala kitunguu saumu. Kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Mbwa huangaliwa siku 10 aonekane kama atabadilika au kufa, lakini aliyeng'atwa hasubiri siku hizo ziishe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa mwenyewe huchanjwa kichaa akifika miezi mitatu, daktari akiona inafaa hata kabla, na hurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyopanga. Chanjo hiyo haimtibu mbwa aliyekwisha kuambukizwa.

Upele huo nimpake oili chafu?

Hapana! Najua gereji wanakupa bure, na najua babu alikuwa anapaka. Mbwa hujilamba, oili inaingia tumboni, na nyingine hupenya kwenye ngozi iliyochubuka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo iache, pamoja na ile sindano ya ng'ombe ambayo jirani atakwambia uidunge "kidogo tu". Kwa mwili wa kilo mbili, kidogo hicho kinaweza kumletea mitetemeko na kumwua. Daktari atampima uzito kwanza. Aina moja ya upele huwawasha na watu pia, kwa hiyo mshike kwa glavu.

Analia usiku. Nimpe nusu ya diklofenaki?

Usimpe. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na paracetamol nayo usimpe bila daktari. Zipo dawa za maumivu za mbwa.

Atatembea?

Inategemea kilichoumia. Mfupa wa mguu kwa mtoto wa mbwa huunga haraka, na hata mguu ukikatwa, mbwa wa miguu mitatu hukimbia vizuri tu. Uti wa mgongo ni habari nyingine. Daktari atabana kidole cha mguu na kutazama uso wa mbwa, si mguu. Mguu unaweza kuruka wenyewe, lakini akigeuka au kulia ujue maumivu yanafika kwenye ubongo, na matumaini yapo.

Mbwa wa namna hii mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe. Kibofu hujaa kikawa kama chungwa gumu chini ya tumbo, na inabidi kikamuliwe kwa vidole mara tatu au nne kwa siku, mchana ukiwemo. Kazi hii haifundishwi kwa maandishi. Shika mkono wa daktari akuoneshe. Mkojo ukibaki hushika vijidudu, ukivuja huunguza ngozi, na ngozi hiyohiyo ndiyo inayosuguliwa na sakafu ya saruji. Nje nako, udongo wetu umejaa mbigili: mbwa asiye na hisia za miguu hatakuonesha zimechoma wapi. Mkague kila jioni.

Na chakula?

Ugali mtupu haumtoshi. Changanya na dagaa waliopikwa bila chumvi wala kitunguu, au yai, mara tatu hadi nne kwa siku. Dawa ya minyoo ni lazima, kwa kuwa baadhi ya minyoo yake huingia kwa watoto wanaochezea udongo. Akitapika na kuhara damu, huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Haiambukizi watu, lakini humkausha maji akafa ndani ya siku chache, usisubiri kesho.

Daktari akishauri achomwe sindano ya kumpumzisha, yaani afe bila maumivu?

Kama hana hisia kabisa na anateseka, msikilize daktari. Mwambie huwezi kumudu nini, kwa shilingi na kwa saa, kabla hajaanza matibabu.

Nani atamkamua saa sita mchana?

Hili ndilo hukuuliza. Jibu, kwa maelezo yako, ni dada. Katika barua umeandika kwa kupita tu kwamba anaogopa mbwa. Kabla ya kumwahidi daktari lolote, muulize yeye, tena watoto wasiwepo.