Kinyonga Akiwa Mweusi, Ana Hasira?

Masika yakianza tunapigiwa simu kutoka Kimara, Kigamboni na kwingineko: “Kuna kinyonga kwenye michongoma, ana hasira, amekuwa mweusi!” Mimi huuliza kwanza: amefanya nini hasa? Hasira haionekani kwa macho. Vitendo ndivyo vinavyoonekana, na vitendo vinahesabika.

Kinyonga wetu wa kawaida hapa Dar es Salaam, yule mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa mithili ya masikio, akibanwa huvisimamisha, huvimba, hutoa mlio kama wa nyoka, kisha huachama hadi unaona kinywa cha rangi ya chungwa. Mtafiti huandika kila kitendo: kilianza sekunde ya ngapi, kilidumu muda gani, kilirudiwa mara ngapi. Video hutazamwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Hesabu zikipishana sana, wanaanza upya.

Kwenye rangi ndiko wengi hukosea. Kamera ya simu hujirekebishia rangi yenyewe, na jua la saa kumi na moja jioni hulipaka kila jani dhahabu. Ndiyo maana picha hupigwa pamoja na kadi yenye rangi zinazojulikana, kompyuta ikasahihisha baadaye. Tena kinyonga huwa mweusi asubuhi yenye baridi ili avute joto la jua. Ukimpima leo saa moja asubuhi na kesho saa saba mchana, utakuwa umepima hali ya hewa.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha matokeo ya kukutanisha madume ya kinyonga wa aina inayotoka Yemen. Wenye mistari ya ubavuni iliyong'aa zaidi ndio waliokuwa wepesi kumwendea mwenzao. Wenye kichwa kilichong'aa na kugeuka rangi upesi ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kushinda. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba anayesalimu amri hujitia weusi.

Huyo ni wa Yemen, si wa Kimara. Lakini mweusi wa kwenye michongoma yako huenda anaota jua, au anakuogopa wewe. Hana sumu. Tafadhali weka fimbo chini, simama hatua tatu mbali, mrekodi dakika mbili, ndipo utupigie.