Kugeuza stringi kuwa safu katika PHP: kazi kubwa ni kuchagua kitenganishi

Msimu wa korosho ukifunguliwa, karani wa ghala la chama cha msingi kule Newala anaweza kutuma taarifa ya mzigo uliopokelewa kwa mstari mmoja tu:

Kitangari,12,960,daraja la kwanza

Sisi tukiusoma tunaona mambo manne: mahali, magunia, kilo na daraja. PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, haioni manne. Kwake huo ni mfululizo mmoja wa herufi, tarakimu na alama, yaani stringi, na ukiiuliza kilo ni ngapi haina pa kuanzia. Ili kila jambo lishikike peke yake, stringi hiyo igeuzwe kuwa safu: orodha ya vipande ambamo kila kipande kina namba ya nafasi yake.

Fanksheni (amri iliyo tayari) ya kazi hiyo inaitwa explode. Unaipa kitenganishi, yaani alama ya kukatia, kisha unaipa stringi:

$vipande = explode(",", "Kitangari,12,960,daraja la kwanza");

Baada ya hapo $vipande[0] ni Kitangari, $vipande[1] ni 12, $vipande[2] ni 960, na $vipande[3] ni daraja la kwanza. Hesabu ya nafasi huanzia sifuri, ndiyo maana kipande cha nne kina namba 3. Mikato yenyewe haimo tena. Ni kama mtungo wa samaki: ukishafungua kamba, samaki wanabaki mmoja mmoja na kamba haihesabiwi kwenye kitoweo. Ukitaka kuwarudisha kwenye mtungo, implode(",", $vipande) inakurudishia mstari ulivyokuwa.

Kuandika explode ni kazi ya dakika moja. Kinachohitaji akili ni kitenganishi, kwa sababu PHP inakata kila inapokiona, bila kujali maana. Chukua nafasi tupu kuwa kitenganishi. Kwa Kitangari, Mahuta au Nachingwea jina litatoka zima. Siku mzigo ukitoka Mnazi Mmoja, pale Lindi barabara ya Masasi inapochepuka, jina linakatwa katikati: kipande cha kwanza ni Mnazi, cha pili ni Mmoja, na sehemu uliyotegemea kukuta idadi ya magunia kuna neno. Kila kinachofuata kimesogea nafasi moja.

Mkato nao una mtego wake, tena mbaya zaidi, kwa kuwa sisi tunauweka ndani ya namba kubwa. Karani akiandika hivi:

Ndanda,16,1,280,daraja la kwanza

utapata vipande vitano badala ya vinne, na kwenye nafasi ya kilo kuna 1. Magunia 16 yenye kilo 80 kila moja yanasomeka kuwa kilo moja! Hayo ni malipo ya mkulima, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote hakiki kwamba count($vipande), yaani idadi ya vipande, ni 4. Isipokuwa 4, mstari usiingie kwenye hesabu, urudi kwa karani aurekebishe. Bora zaidi, kubalianeni mapema kutumia alama ambayo haitokei ndani ya taarifa, kwa mfano nukta mkato: explode(";", $mstari). Kama faili limetoka kwenye programu ya majedwali na sehemu zenye mkato zimefungwa kwa alama za kunukuu, achana na explode. Tumia str_getcsv, ambayo inaziheshimu alama hizo.

Wakati mwingine mkato unaokusumbua uko mwishoni tu, kwenye maelezo ya ziada. Hapo explode ina nafasi ya tatu, ya kikomo:

explode(",", "Mnazi Mmoja,5,400,magunia mawili yameloa, yaanikwe upya", 4);

Namba 4 inasema vipande visizidi vinne. Cha nne kinabeba maneno yote yaliyobaki pamoja na mkato wake, na maelezo ya karani hayavunjwi.

Mistari mingi ikija kwa pamoja, unakata mara mbili: kwanza mistari, kisha sehemu za kila mstari. Hapa wengi hupoteza saa nzima wakitafuta kosa wasiloweza kuliona kwa macho. Maandishi yaliyojazwa kwenye kisanduku cha fomu ya tovuti hufika kwenye seva yakiwa na alama mbili mwishoni mwa kila mstari, "\r\n". Ukikata kwa "\n" peke yake, "\r" inabaki imeganda kwenye kipande cha mwisho. Ukilinganisha kipande hicho na "daraja la kwanza", PHP inasema havifanani, na ni kweli havifanani. Dawa ni preg_split('/\R/', $maandishi), inayotambua aina zote za mwisho wa mstari, kisha array_map("trim", $vipande) kuondoa nafasi na alama zilizobaki pembeni.

Hata baada ya kukata vizuri, 960 iliyo ndani ya safu bado ni maandishi. Uigeuze kwa (int) kabla ya kujumlisha. Lakini (int)"1,280" inatoa 1, kwa kuwa PHP inasoma tarakimu hadi ikutane na mkato, inaishia hapo, wala haitoi onyo. Ondoa mkato kwanza: (int) str_replace(",", "", $kilo).

Stringi tupu nayo ina tabia yake. explode(",", "") hairudishi safu tupu, inarudisha safu yenye kipande kimoja kisicho na kitu, na count inatoa 1. Orodha ya vijiji vilivyoleta mzigo leo ikiwa tupu, ripoti itasema kimoja kimeleta. Pima kwanza kama stringi ina kitu ndani. Kitenganishi kikiwa kitupu ni suala jingine: tangu PHP 8, iliyotoka 2020, hilo ni kosa linalosimamisha programu.

Ukitaka kukata herufi kwa herufi, explode haifai. Kuna str_split, ila yenyewe inakata kwa baiti, kile kipimo kidogo cha hifadhi ambacho herufi ya kawaida huchukua kimoja. Simu nyingi zinapoandika Ng’apa, ile kata ya Lindi, huweka alama ya ng’ iliyopinda, inayochukua baiti tatu. Jina la herufi tano na alama moja linatoka vipande vinane, vitatu kati yake havisomeki. mb_str_split, iliyokuja na PHP 7.4, inatoa sita.

Anayeandika JavaScript, lugha nyingine ya programu, atakuta kazi hiyohiyo kwa jina la split, na stringi inatangulia: mstari.split(","). Kikomo chake, lakini, kinafanya kazi tofauti kabisa. Kwa "a,b,c" na kikomo cha 2, PHP inakupa a na "b,c", wakati JavaScript inakupa a na b, na c inatupwa. Na ukisahau kugeuza maandishi kuwa namba, PHP itajumlisha "12" na "16" ikapata 28. JavaScript itayaunganisha tu, ikuandikie 1216.