Je, wajua kwa nini unga wa viazi huachwa mwilini baada ya upasuaji?

Nunua mkungu wa ndizi mbichi soko la Mbuyuni, Moshi, ukusudie kupika machalari, kisha wageni wasije. Zikikaa jikoni siku kadhaa zinaiva na kuwa tamu. Sukari hiyo haikutoka nje. Ni ule ule wanga wa ndizi: mnyororo mrefu wa glukosi, ambao vimeng'enya vya tunda vimeukatakata.

Mkasi wa namna hiyo unao hata wewe. Tafuna tonge la ugali bila kulimeza, utaanza kuonja utamu. Kimeng'enya hicho huitwa amilesi. Kimo kwenye mate, kongosho hukitoa kwa wingi, na kiasi fulani huzunguka kwenye damu, jambo ambalo wengi hatukufundishwa shuleni. Hapo ndipo wanga ulipopata kazi hospitalini.

Wakati wa upasuaji kuna sehemu huvuja damu kidogo kidogo na hazishikiki kwa uzi. Daktari anaweza kunyunyiza hapo unga maalumu wa wanga wa viazi mviringo. Mmojawapo, Arista, uliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Punje zake zina vitundu vidogo mno. Hunyonya maji ya damu, chembe sahani (vijichembe vya damu vinavyosaidia kuziba jeraha) na protini za kugandisha zikabaki zimesongamana, damu ikaganda upesi. Unga wa ziada huoshwa, unaobaki hufungiwa ndani, na kwa siku 1 au 2 amilesi huwa imeumaliza. (Sembe ya dukani isiguse kidonda kamwe! Ina vijidudu, na haikutengenezwa hivyo.)

Je, kila wanga ni rafiki wa mwili? Hapana, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Kwa miaka mingi glavu za upasuaji zilipakwa unga wa mahindi ili zivalike kwa urahisi. Unga huo ulikuwa umetibiwa kwa kemikali usivimbe na kugeuka uji ukipikwa kwa mvuke wa kuua vijidudu. Minyororo yake ikafungwa pamoja, na mkasi ukapata shida kuikata. Punje zilizodondokea tumboni zilizungukwa na vinundu, na wagonjwa wengine utumbo ukashikamana. Marekani ilizipiga marufuku glavu hizo mwaka 2017.

Baadhi ya dripu za kuongeza ujazo wa damu, zilizotengenezwa kwa wanga, nazo zilipita njia hiyo hiyo. Wanga wake ulibandikwa vipande vya kemikali ili amilesi isiukate haraka. Ukakaa kwenye damu kama ilivyotakiwa, lakini mwingine ukajilimbikiza kwenye viungo, figo za wagonjwa mahututi zikaumia. Ulaya ikasimamisha matumizi yake mwaka 2022.

Kwenye viunzi vya kukuzia mfupa upya, ukaidi huo wa kutokatwa haraka watafiti wanautaka, ila kwa kipimo. Wanga mtupu ukikauka huvunjika kama biskuti, ukilowa hulegea. Kwa hiyo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Minho, Ureno, huuchanganya na plastiki iitwayo polikaprolaktoni, ambayo mwili huimaliza polepole sana. Katika mchanganyiko huo wanga huliwa kwanza na kuacha nafasi, seli za mfupa zikaingia humo, huku plastiki ikiendelea kushikilia umbo.